Tisini na Moja Kando ya Mtungi

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Bi Nabiha alikuta shimo uani kwake, Mji wa Kale, kando ya mtungi wa maji. Ndani mlibaki vigae vya chungu. Riale za fedha alizozifukia bibi yake zilikuwa zimekwenda. Haikufika saa tatu, amesimama kibarazani, mtaa mzima unamsikia: mwizi ni Dzoro, fundi wa Majengo anayempigia lipu. Polisi wakamtia ndani.

Sajini Kavumbi alifika saa nne na hasira zake. Alichoshwa na mji ambao kitu kikipotea, hushikwa mwenye jembe.

"Kwa nini Dzoro?"

"Jembe lake limekutwa shimoni, mwanangu."

"Si huliacha hapa kila jioni? Ufunguo anao nani mwingine?"

"Zakariya tu, mtoto wa kaka yangu. Naye ndiye aliyenisaidia kuzitafuta juzi, maana bibi hakusema alizifukia wapi."

Zakariya aliketi kizingitini, mashine yake ya kusakia madini ubavuni, mfuko wake mapajani. Alhamisi aliipitisha uani, na kila ilipolia aliandika ukutani kwa chaki namba iliyotokea kwenye kioo. Mlangoni 14, walipochimba, msumari. Kando ya mtungi 91.

"Hii tisini na moja uliwaambia ni nini?"

"Msumari mwingine. Nikawaambia wasijisumbue."

"Dzoro alisikia?"

"Alikuwapo, alisikia."

Kavumbi akauweka msumari chini, akapitisha mashine. Ikanguruma: 14. Akamwomba Bi Nabiha riale moja aliyoivaa shingoni tangu harusi yake. Mashine ikalia kwa sauti nyembamba, kali: 91.

"Fundi aliambiwa msumari," Kavumbi alisema. "Nani huvunja sakafu aibe msumari? Aliyejua ni wewe. Uliiandika namba ya kweli kwa kuwa uliwadharau, ukaona hapa hakuna wa kuisoma."

Akauchukua mfuko, akapitisha mashine juu yake. 91. Riale zilishonewa ndani ya bitana.

"Shangazi zote alizikusudia binti zake," Zakariya alifoka. "Mimi je?"

"Na Dzoro alikukosea nini?"

"Jembe lake lilikuwa karibu."

Kavumbi alimfunga pingu.

Saa saba Dzoro alirudi kuchukua jembe lake. Bi Nabiha akamnyooshea riale moja. Hakuipokea.

"Uliniita mwizi kibarazani, Bi Nabiha. Nisafishe papo hapo."

Bi Nabiha akavaa buibui lake, akatoka nje, akaanza kuwaita majirani, mmoja mmoja, kwa majina yao.