Pamba Iliyotoka Puani Ikiwa Nyeupe

Watu wa Malampaka hujisifu kwamba wana majini. Hayo yao bado yako chekechea. Jini aliyehitimu alikaa huku karibu na Lagangabilili, chumbani kwa Nyanjige, ndani ya lundo la pamba lililosubiri wanunuzi. Anayebisha aende akalale humo.

Mchana mmoja wa jua kali, Milembe, binti wa Nyanjige, alianza kutokwa damu puani. Mayu Limbu, mama mkwe wa Nyanjige, hakungoja kuulizwa. Alinyofoa pamba kwenye lundo, akaisokomeza puani, akamlaza mtoto chali.

Nyanjige alipoichomoa aone, ilikuwa nyeupe pee. Kavu. Na Milembe alikuwa anameza, anameza, midomo imempauka.

"Si imeshakata," bibi alisema.

"Haijakata, mayu. Inashuka kooni. Na hii pamba, damu yake imekwenda wapi?"

Bibi aligeukia pazia la chumba. Chumbani, lundo lilikuwa limepanda hadi karibu na bati.

Nyanjige alimketisha mtoto kama alivyofundishwa kliniki: ainame mbele juu ya beseni, apumue kwa mdomo, asichomekwe kitu, pua ibanwe dakika kumi. Akaibana pua pale kwenye nyama laini, na alipobana tu lundo likaguna kama ng'ombe aliyenyimwa maji, harufu ya damu mbichi ikapita chini ya pazia, nyuzi za pamba zikaanza kutambaa sakafuni zikivifuata vidole vyake, huku bibi akinong'ona kwamba aachie kidogo tu waone, kidogo tu, na vidole vikifa ganzi, na yeye akikataa kuachia, maana angeachia mapema mwanawe angenyonywa damu mpaka tone la mwisho, mpaka zile dakika kumi za kliniki zikatimia na nyuzi zikalala chini kama pamba yoyote.

Akaachia polepole. Pua ilikuwa kavu. Milembe akavuta pumzi.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya lundo, ndogo, ya kudeka, sauti ya Milembe mwenyewe:

"Bibi, huku kwangu bado inatoka."

Milembe aliyekuwa mapajani akamkamata mama yake mkono. "Mama, msiitike."

Lakini Mayu Limbu, bibi gani huyo asiyemwitikia mjukuu, alikuwa ameshaitika. Tone la kwanza likadondoka kwenye kanga yake. Naye, kwa mazoea, akainua uso juu, akaanza kumeza.