Jina Lililokuwa Neno la Siri

Jumamosi ile ukumbi wa mafundi simu ulifurika. Watu wamebanana mbele ya kaunta za vioo, spika zinashindana kupiga kelele, na kila mtu anadai yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya rabsha hiyo alisimama msusi mmoja, gauni la njano limemkaa hasa, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele kwa vile alitoka saluni mbiombio. Alikuwa anagombana na fundi.

"Kila asubuhi inaniandikia: kuna mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yako. Mtu gani? Itengeneze!"

"Dada, simu yako nzima."

"Nzima gani inayonitisha?"

Nyuma yake mtu akacheka. Msusi akageuka na macho yake makali. Aliyecheka alikuwa kijana mwembamba, miwani imeteleza puani, shati la samawati limepigwa pasi mbele tu.

"Samahani, dada. Simu inasema kweli. Kuna anayebisha hodi, na hataondoka. Badilisha neno la siri."

"Sibadilishi. Na wewe nani kwani?"

"Mimi kazi yangu ni kulinda milango."

Msusi akampima kuanzia miwani hadi viatu. "Wewe? Upepo ukivuma si utaondoka na geti lenyewe?"

Hata fundi alicheka. Kijana akaeleza kwamba milango anayolinda ni ya kwenye intaneti, ile ambayo mtu huingia kwa jina na neno la siri. Alieleza kwa hamu hadi foleni ikawapita, na msusi akajikuta anasikiliza sauti zaidi ya maneno. Walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Saluni ilikuwa ya shangazi yake msusi, mama mnene mwenye ulimi usio na breki. Shangazi ndiye aliyembatiza kijana jina la Askari, nalo likamganda. Jioni akitoka kazini, Askari alikuja akakaa miongoni mwa kina mama waliotiwa vichwa kwenye vikaushio, akachekwa, akatumwa kununua maji, akarudi kesho yake. Akifika kwake alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Nikukumbuke na umeondoka hapa sasa hivi! Kiti chako bado cha moto."

"Basi kikipoa unikumbuke, mpenzi."

"Lo! Mpenzi tena? Hebu lala huko." Lakini alicheka peke yake gizani mpaka shangazi akagonga ukuta.

Jumapili moja mchana, saluni imefungwa, walikuwa wawili wanaosha vitana. Askari akarudia wimbo wake: badilisha neno la siri. Safari hii msusi hakumkatiza.

"Mama yangu hakupenda kuandika," alisema. "Alipolazwa hospitali alikuwa ananitumia sauti, kila siku. Zote zimo kwenye akaunti ile, wala haziko kwingine. Na kila sauti inaanza vilevile: Lulu yangu. Alikuwa ananiita hivyo yeye peke yake, hata baba hakuthubutu. Basi neno langu la siri ni hilo, luluyangu. Nikiliandika asubuhi naona kama ananiita, na moyoni naitika, abee. Sasa nilibadilishe niweke nini? Namba ya nyumba?"

Kitana kikamponyoka Askari kikaanguka kwenye beseni. Msusi akadhani ni huruma, akampenda zaidi.

"Libadilishe tu," Askari alisema taratibu. "Tafadhali."

"Nakupa siri ambayo sijampa mtu, nawe unanipa amri?"

Askari akafungua mdomo, akaufunga. Ukimya huo ndio uliokuja kuwaponza.

Haikupita wiki, wateja wakaanza kupiga simu. "Dada, siku hizi unauza dawa za kuongeza makalio?" Ukurasa wake kwenye akaunti ileile, wenye picha za kila mtindo aliowahi kusuka, ulikuwa umejaa matangazo ya ajabu. Msusi akajaribu kuingia. Neno la siri si sahihi. Akaandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Ukurasa na uende zake, lakini mama yake alikuwa mle ndani.

Akampigia Askari.

"Neno lile nilimwambia nani mwingine?"

"Mpenzi, imekuwaje?"

"Nijibu! Nilimwambia nani mwingine zaidi yako?"

"Hakuna. Lakini sikuingia mimi, naapa."

"Wiki haijaisha tangu nikwambie! Sauti ya mama yangu yote imo mle! Nimekufungulia mlango mwenyewe, mlinzi gani wewe?" Akakata simu, akakaa chini kwenye nywele zilizokatwa, akalia kwa sauti.

Baada ya hapo Askari alipiga, hakupokea. Alikuja, shangazi akamzuia mlangoni, ila hakumfukuza. Wakasimama pale wakinong'ona, na tangu siku hiyo walisaidiana kuwaandikia wenye mtandao kuomba akaunti irudishwe. Mwishowe Askari akatuma ujumbe: Njoo ofisini kwangu na shangazi, niwaoneshe kitu. Baada ya hapo ukitaka usinione tena.

"Twende," shangazi aliamua. "Mwizi hakukaribishi kwake mchana kweupe."

Ofisi ilikuwa chumba chenye baridi, nyaya zimefungwa vizuri kama misuko, na kioo kikubwa cha kompyuta ukutani. Askari hakuthubutu kumpa mkono. Akawasha kioo.

"Huu ni mlango wa bandia. Tumeuweka kwenye intaneti, na nyuma yake hamna kitu, hata kiti. Hatujamtangazia mtu yeyote. Angalieni wanaojaribu kuingia."

Maneno yakaanza kuteremka kiooni. Moja mbili tatu nne tano sita. Mamangu. Nakupenda. Majina ya watoto, ya timu za mpira, tarehe za kuzaliwa, maneno ya lugha ambazo msusi hakuwahi kuzisikia. Yalishuka bila kupumzika, yakapotea, mengine yakaja.

"Anaandika nani haraka hivi?" shangazi aliuliza, sauti imeshuka kama yuko kwenye nyumba ya ibada.

"Haandiki mtu. Ni mashine, ziko kila pembe ya dunia. Hazilali, hazichoki, hazioni aibu kukosea. Na milango mingi haijali anayebisha. Kosea mara elfu, itakwambia tu jaribu tena."

Ndipo likapita. Luluyangu. Likateremka pamoja na mengine, likapotea.

"Wifi yangu!" shangazi akashika kifua.

Msusi akasogelea kioo. "Limefikaje humo?"

"Kila neno hapo liliwahi kuwa neno la siri la mtu. Likaibwa, likatiwa kwenye kapu lao, wanalijaribu kwa kila mtu. Hilo lilikuwemo kabla sijakujua."

Kwanza iliuma. Jina alilodhani ni lake peke yake duniani, kumbe liko mikononi mwa wezi! Lakini macho yalikataa kuondoka pale. Mwanangu. Bintimalaika. Nakupenda, tena na tena. Kila mstari ulikuwa mtu, mahali fulani, aliyeambiwa afiche kitu chake, naye akakificha nyuma ya anayempenda. Nywele zikamsisimka.

"Kwa hiyo kuna mama mwingine anayemwita mwanawe hivi," alisema polepole.

"Wako wengi."

"Jamani, dunia!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kama ni ya huzuni. Kisha akamgeukia Askari. "Siku ile, kwenye vitana. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliona aibu kukwambia jina la mama yako limo kwenye kapu la wezi. Nikasema kesho nitapata namna nzuri. Nimekukosea. Ulinzi wote huu, na nikashindwa kusema neno moja."

"Ningekasirika."

"Najua."

"Lakini ningelibadilisha, wewe mwanamume!"

Shangazi akakohoa. "Na ule ujumbe, utaufungua lini?"

Wenye mtandao walikuwa wamemtumia ujumbe wa majibu tangu asubuhi. Akaunti imerudi, ilibaki aweke neno jipya. Msusi hakuwa ameufungua, akihofia kukuta sauti zimefutwa. Sasa akatoa simu. Askari akageuka, akaupa ukuta uso wake.

"Weka maneno manne marefu yasiyohusiana," alisema kwa ukuta. "Usilipende hata mojawapo. Na usiniambie."

Msusi akaandika. Akaingia. Akabonyeza, na chumba chote kikasikia: "Lulu yangu, umekula?"

Zilikuwepo zote. Mwizi hakuwa na haja na sauti ya mgonjwa. Shangazi alilia wazi, na Askari aliondoa miwani, bado anatazama ukuta.

"Geuka," msusi alisema.

"Umemaliza? Usiniambie hilo neno. Hata nikishakuoa, usiniambie."

"Heh! Nani kakwambia unanioa?"

Askari akaiva masikio. Akaja mbele yake na shati lake la pasi nusu. "Basi nakuuliza. Msusi, utakubali nikuoe?"

"Uliza tena. Uniite kwa jina."

"Jina gani?"

"Lile. Si la siri tena."

Akasema polepole, kama anayeogopa kulivunja: "Lulu."

"Abee," aliitika.