Pikipiki Iliyoshuka Kimya

"Mama Fiston, sasa shimo wamelifukia, ajali ingine itatokea wapi?"

Aliyeuliza swali hilo ni Lydie, jirani yake Kaswera. Mashini ilikuwa imepita mtaani mwao, pale Bunia, ikalainisha barabara ya mteremko mpaka darajani. Lile shimo kubwa lililokuwa linaangusha watu halikuonekana tena.

Kaswera alikuwa anageuza mandazi mbele ya nyumba. Akacheka.

"Itatokea wapi tena? Tumefunga, tumeomba, Mungu amesikia. Ajali imekwisha."

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Fiston, mtoto wake wa pekee, ni motari. Kila siku anabeba watu kwa pikipiki kutoka Marabo mpaka Bunia, na lazima ashuke mteremko ule. Tangu baba yake Fiston afariki, Kaswera hana mwingine ila Mungu na mtoto huyo.

Lakini mwezi haukuisha. Motari mmoja, Caleb, aligonga ukuta wa daraja akavunjika mguu. Wenzake wakatupa matawi mabichi barabarani kuwaonya wanaokuja nyuma. Watu, walioamini kwamba shimo lilikuwa na pepo, wakasema, "Pepo ya shimo imehamia darajani."

"Unaona sasa?" Lydie alisema.

Mandazi ya Kaswera yakaungua.

Kesho yake Laurent alikuja kununua mandazi. Laurent anafundisha usalama wa barabarani katika chama cha motari. Kaswera akamuuliza juu ya ile pepo.

Laurent hakumcheka. "Mama, weye unakaa hapa kila siku. Wakati shimo lilikuwa, motari walikuwa wanapita namna gani?"

"Polepole sana. Na matusi, hata mbele ya mama mujane!"

"Na sasa?"

"Kama upepo. Tena kimya. Wakifika kule juu wanazima moteri, wanaacha pikipiki iteremke yenyewe. Banasema iko inaokoa mafuta, ile esansi."

"Basi pepo umeiona kwa macho yako," Laurent alisema. "Ukitaka kujua ajali itatokea wapi, usiangalie njia peke yake. Angalia na mutu wa njia. Uliza: huyu dereva, akikuta njia ya namna hii, atafanya nini? Akikuta shimo, anaogopa, anapunguza mwendo. Akikuta njia nzuri, woga unamutoka, anaongeza. Siye tulihesabu mashimo. Dereva tukamusahau."

"Na ile kuzima moteri?"

"Moteri ikiwaka, na vitesi, ile gia, iko ya chini, inasaidia kushika pikipiki. Ukiizima, freni ya kuisimamisha inabaki peke yake na muzigo wote. Na mvua ikiwa imenyesha..." Laurent akatikisa kichwa. "Fiston apunguze kule juu, mbele ya kuanza kushuka. Moteri iwake. Abebe mutu moja tu. Bote wavae kaske kichwani."

Jioni Kaswera alimweleza Fiston yote. Fiston akakunja uso.

"Mama, esansi iko bei! Na motari mwenzangu Dady atanicheka."

"Acheke, meno ni yake. Mwanangu, kila pikipiki ikipita hapa kimya, mikono yangu inaacha kazi. Nasema: Bwana, asikuwe yeye. Ukipita, nataka nikusikie."

Fiston akaangalia chini. "Utanisikia, Mama."

Na kweli alimsikia. Kila aliposhuka, moteri yake ilinguruma taratibu mpaka darajani. Dady alikuwa anampita kimya kimya na kumpigia kelele: "Fiston! Uko unaendesha pikipiki ama unachunga ng'ombe?"

Ikaja siku ya mvua. Lori la kutoka Komanda lilikwama, likaziba daraja. Fiston alikuwa anashuka na mama mmoja na kuku wake. Alikuwa amepunguza tangu juu. Akaliona lori, akasimama. Waliolalamika ni kuku tu.

Nyuma yao Dady alikuja kimya. Kwa bahati hakubeba mtu. Akakanyaga freni, pikipiki haikusimama. Akageuza gidoni kwa mikono miwili, akakwepa lori, akaingia mtaroni, matope mpaka masikioni.

Fiston na wenzake walimtoa, wakasukuma pikipiki yake kupanda mpaka kwa Kaswera. Kaswera akamwosha, akamfunga kiwiko kwa kitambaa, akampa chai ya moto. Mvua ikakatika. Lori likavutwa, daraja likafunguka.

Lydie akachungulia mlangoni, akamwona Dady na kitambaa chake. "Mama Fiston, weye uliyesoma kwa Laurent, tuambie. Ajali ingine itatokea wapi?"

Kaswera alimtazama Dady, kisha akatazama nje.

"Muulize mwenye kushika gidoni ya pikipiki. Njia haina mikono."

Dady akaweka kikombe chini. Akachukua kaske yake, akatoka.

Kaswera akasogea mlangoni, akasikiliza. Halafu wakasikia moteri inawaka, inaanza kushuka, inanguruma, polepole, polepole, mpaka darajani.