Mkanda wa Mzee Hirano

Jumamosi moja ya mwaka 1993, saa nne asubuhi, Sauda alifungua sanduku la mikanda katika banda lake la video hapo Tukuyu, akapiga yowe. "Mama yangu! Mzee Hirano kaibiwa!"

Hirano alikuwa mwongozaji filamu wa Kijapani, marehemu sasa. Watu walitoka Suma na Kinyala kuja kuwaona masamurai wake wakikatana mapanga kwenye mvua kama ya hapa hapa. Na jioni ile alialikwa Ueda, Mjapani wa mradi wa maji, aitazame filamu kisha asimulie maisha ya mzee huyo. Bila mkanda, Sauda angeumbuka mji mzima.

Alianza na Dennis, mwenye banda la pili.

"Dennis, umenichukulia mkanda?"

"Dada Sauda, mimi nionyeshe sinema isiyo na rangi? Si watanivunjia viti!"

Sauda akarudi sandukuni. Kufuli lilikuwa zima. Tukuyu ukungu hula mikanda, ndiyo maana aliilaza yake pamoja na vifuko vya mkaa vya kunyonya unyevu. Kifuko cha Hirano nacho hakikuwepo. Mbaya wake angeutupa mkanda mtoni. Huyu alikuwa anautunza.

Akamfuata Lazaro, msimuliaji wake, aliyesimama kando ya televisheni kila jioni akiwatafsiria watu.

"Kaka Lazaro, mwizi kabeba na mkaa. Dennis mikanda yake imeota ukungu, hajui habari hiyo. Na ufunguo tunao wawili tu."

Lazaro akaketi. "Dada, Kijapani sikijui hata neno."

"Si ulisema ulijifunza melini?"

"Meli nimeiona bandarini Itungi tu, nikiwa nchi kavu. Mwaka mzima natunga. Ueda angeniumbua leo."

Sauda alikasirika, kisha akamhurumia. "Mkanda nipe. Na jioni utasimulia."

Jioni Lazaro alisimulia. Ueda alicheka mpaka akafuta machozi. Filamu ilipoisha akasimama.

"Maneno haya hayamo kwenye filamu," akasema. Lazaro akainamisha kichwa. "Lakini Hirano alipokuwa kijana, filamu hazikuwa na sauti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama kando ya pazia na kusimulia. Naye alitunga, tena sana! Sauti zilipokuja, akafukuzwa. Ndipo akaanza kutengeneza filamu zake. Mkitaka, nitawaambia hawa masamurai wanasema nini hasa."

"Ndaga fijo, asante sana baba," akadakia mama mmoja wa Kinyala, "lakini kaa chini. Tuachie Lazaro wetu!"

Banda zima likaitikia. Lazaro akalia mbele za watu, na Sauda akaurudisha mkanda mwanzo.