Askari Wasio na Macho

Mdogo wangu wa kiume anapaka rangi vijiaskari. Msicheke, nimeshacheka kwa niaba yenu wote. Ni askari wa risasi, yale madini mazito, na hakuna anayezidi urefu wa kidole gumba. Wanunuzi wake ni wanaume wazima, wenye vitambi na wajukuu, ambao kila Jumamosi hutandaza meza, hupanga vilima vya maboksi, hurusha dadu na kupigana upya vita vya watu waliokufa zamani. Mtaa mzima unamwita Kanali, na akiona mende ananiita mimi.

Siku ile ilikuwa siku kama nyingine. Nilikuwa mlangoni nachambua mboga, yeye yuko mezani kwake karibu na dirisha, akaja mama mmoja mjane amebeba boksi la viatu. Marehemu mumewe alikuwa na kazi hiyohiyo. Ndani ya boksi mlikuwa na kikosi cha makoti mekundu, kazi safi ajabu, mpaka vifungo vilikuwa vinang'aa. Alitaka wapigwe vanishi wasichubuke, basi.

"Vanishi tu, baba," alisema. "Marehemu alisema waachwe kama walivyo."

Alipoondoka Kanali aliwaweka chini ya lenzi, akasonya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho. Akaniita nione, akanieleza kwamba katika kazi yao jicho ndilo la kwanza, ngozi ya uso inafuata, maana mkono ukiteleza unafunika kosa kwa rangi ya ngozi. Huyu alikuwa amemaliza nyuso, masharubu na yote, halafu akaruka macho. Kanali akaona ni uzembe, au uzee. Hakuwaza kwamba mtu anayeijua kazi kiasi kile hawezi kuruka macho kwa bahati mbaya. Akaona amsitiri mwenzake, akachukua brashi yake nyembamba, akailamba ncha kama kawaida yake, akaanza.

Nilimwambia mama wa watu amekataa. Akaniambia niendelee na mboga zangu.

Wiki hiyo hiyo aliniuliza kwa nini nimeacha kuvaa sweta yangu nyekundu. Nilikuwa nimeivaa. Nikadhani ananitania, nikamrushia kitambaa. Kesho yake nikamkuta anapaka koti la askari wa mteja mwingine rangi ya majivu, na kopo la rangi nyekundu amelisukuma pembeni, anasema limechacha. Halafu akaanza kujigonga milangoni. Halafu akamwaga chai nje ya kikombe. Daktari wa macho alimulika, akapima, akasema macho ni mazima kabisa, akapumzike. Akapumzike! Mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Na kazi hakuiacha. Alikuwa anapapasa, analamba brashi, anaweka macho. Nilimfichia brashi, akatumia kijiti. Alipofika kwa ofisa wa kikosi ndipo giza lilipomfunika kabisa. Ofisa peke yake akabaki bila macho.

Mimi ndiye niliyeinamia lenzi siku hiyo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Kanali ana kidoa cheupe kwenye mboni ya jicho la kushoto, alizaliwa nacho. Nilimtazama askari wa kwanza. Kidoa kipo. Nikamtazama wa pili. Kipo. Safu nzima. Yalikuwa macho ya mdogo wangu, na yalikuwa yana unyevu.

Nikasema nitayafuta. Wenye kazi hii wakitaka kuvua rangi ya zamani huloweka askari kwenye spiriti, kisha husugua kwa mswaki. Nikamzamisha mmoja, nikamgusa usoni kwa mswaki, mara moja tu. Kanali alipiga yowe chumbani. Nilimkuta ameshika jicho, damu inapita kati ya vidole.

Nilimtoa yule askari kwenye spiriti, nikamfuta kwa maji safi kama ninayemwogesha mtoto mchanga. Ningefanya nini tena?

Nikampigia simu yule mjane. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ameweka macho," akanong'ona. "Wangu alianza na wapiga ngoma wa kikosi. Wakachukua jicho moja. Hawa wengine akawanyima, ila kuwapaka hakuweza kuacha."

Nikamuuliza wapiga ngoma wako wapi.

"Niliwafungia kabatini. Jicho lile likawa linaona giza, na ndani ya giza kuna kitu. Alikufa analia. Usiwafungie, mwanangu. Chonde."

Simu ikakatika, na namba ile haijapatikana tena.

Basi niliwapanga dirishani, nyuso zao nje; ofisa nilimwacha mezani. Nyumba hii taa haizimwi. Kanali anakaa kitini katikati ya chumba, ananihadithia mtaa: fundi baiskeli amenyoa, mpangaji mpya ana godoro la bluu. Haya ndiyo maisha tuliyobaki nayo, na naogopa, nasema wazi. Napangusa vumbi nimeshikilia pumzi. Nikiangusha mmoja, sijui.

Leo asubuhi nilikuwa nakoroga uji. Akaniita, taratibu.

"Dada. Ofisa umemhamisha?"

Nikasema hapana.

"Yuko dirishani, nyuma ya wenzake. Amegeuka. Wawili wamegeuka wakamwona."

Niliweka mwiko chini. Nikaenda.

Ofisa alikuwa ameipa barabara mgongo, anatazama ndani, kuelekea jikoni. Alikuwa na macho. Kwenye glasi ya Kanali ya kuoshea brashi maji yalikuwa na rangi. Brashi ilikuwa mbichi, ncha imelambwa vizuri.

"Sijashika brashi," alisema mdogo wangu. "Na huyo sioni kupitia kwake, dada. Hao wengine wote naona. Huyo hapana."

Nikamweka chini ya lenzi. Kidoa hakipo. Ni macho meusi, makubwa kidogo, lile la kulia limelegea kope, kama la mama yetu. Kama langu.

Niliinua mkono nijifute jasho kwa sweta yangu. Ile nyekundu.

Ni ya majivu.