Televisheni Haingoji Jibu

Kila asubuhi nasali kwanza, halafu napika chai ya watu wanne. Kikombe cha kwanza ni cha Kogo, yaani bibi, kama watoto wanavyomwita. Kogo Jebet ni mama wa marehemu mume wangu, Kipsang. Tangu tumzike Kipsang, Kogo anaishi nasi hapa mtaa wa Free Area, mimi na watoto wangu wawili, Kiplangat na mdogo wake. Mbele ya nyumba nina kibanda cha mboga.

Nilimtunza Kogo kama yai. Nilimwekea kiti chenye mto, blanketi na televisheni. Watoto niliwaambia, "Msimsumbue Kogo. Amefanya kazi ya kutosha." Akitaka kuosha kikombe, namnyang'anya. "Pumzika, Mama." Niliona hiyo ndiyo heshima.

Lakini Kogo alianza kunyamaza. Kwanza aliacha kuuliza habari za watoto. Halafu akaanza kuniita Jepkemei, jina la dada yake aliyekufa zamani. Mwishowe ukimsalimia anakuangalia tu, kama mtu anayesikiliza mvua.

Kibandani pia mambo yalikuwa mabaya. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na minji, yaani njegere, zikajaa sokoni. Bei ikashuka. Nikafurahi, nikanunua gunia zima. Kumbe kila mama mboga wa mtaa wetu amenunua gunia zima. Nikishusha bei, jirani naye anashusha. Jioni minji zimebaki, kesho zimenyauka, kesho kutwa ni chakula cha mbuzi.

Siku ya Jumatano shemeji yangu Kipyegon alipiga simu kutoka Eldoret.

"Shemeji, nasikia Mama amechanganyikiwa. Jumamosi nakuja kumchukua. Atakaa kwake kijijini Kabazi. Nitamtafutia msichana wa kumpikia."

"Na wewe utakuwa huko?"

"Mimi niko kazini, wewe unajua."

Nililia. Mama wa mume wangu ataenda kukaa na mtu asiyemjua, katika nyumba tupu. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia.

Jioni hiyo Mercyline alibisha mlango. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, huzunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Alimpima Kogo presha. Alimnong'oneza sikioni kuona kama anasikia.

"Presha si mbaya, na anasikia," alisema. "Lakini kesho mpeleke hospitali. Kusahau kuna sababu nyingi, lazima apimwe. Sasa niambie, Mama Kiplangat, mchana nani huongea naye?"

"Kuna televisheni."

"Televisheni inaongea, lakini haingoji jibu."

Mercyline akavuta kiti karibu.

"Mtu akikuuliza kitu, ubongo wako unaamka. Unasikia sauti, unaangalia uso wake, unakumbuka, unatafuta neno. Mkicheka pamoja, moyo unatulia. Ukikaa peke yako siku nyingi, ubongo unakosa hiyo kazi. Upweke unaleta huzuni, na unaongeza kusahau."

"Lakini mimi nilikuwa namheshimu!"

"Najua. Endelea kumheshimu, lakini muulize mambo. Mpe kazi anayoijua, ya kufanya ameketi. Na ngoja jibu, hata likichelewa."

"Atapona?"

"Siwezi kukuahidi. Kama ni ugonjwa, maongezi hayatauondoa. Lakini yatamsaidia kuishi vizuri."

Alhamisi tulienda hospitali. Daktari alimpima damu, akatupa siku ya kurudi. Tulipofika nyumbani sikuwasha televisheni. Nilimketisha Kogo kibandani na bakuli la minji. Vidole vyake vilianza kutoa maganda kama vilikuwa vinangoja kuitwa.

"Mama, hizi minji ni nzuri ama mbaya?"

Nikangoja. Kogo hakusema kitu. Lakini hakuacha kutoa maganda.

Ijumaa jioni Kiarie alivuka barabara. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono myeusi tii.

"Sasa, mathe! Hizo zimetolewa maganda ni pesa ngapi?"

Alimuuliza Kogo. Nilitaka kujibu mimi. Nikauma ulimi, nikangoja.

"Hamsini kikombe," Kogo akasema.

Nusura niangushe mizani.

"Hamsini! Mathe, hapo kwa jirani ni thelathini!"

"Hizo ziko na maganda. Nunua, ukatoe wewe na hizo kucha."

Kiarie alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Umenimaliza, mathe. Nipatie vikombe viwili."

Alipoondoka, Kogo alinigeukia.

"Zeddy," aliniita kwa jina langu. "Unauza kama mtu anayefukuzwa. Mboga ikijaa sokoni, usishindane kwa bei. Minji kila mtu anazo. Nani akitoka kazini ana wakati wa kutoa maganda? Uza huo wakati. Na wacha mambo ya gunia. Nunua debe, liishe, ununue lingine."

Nilimshukuru Mungu hapo hapo, machozi yananitoka. Nilikuwa nimesahau kwamba Kogo aliuza mboga soko la Kabazi akiwa kijana.

Jumamosi Kipyegon alikuja na gari. Alimkuta mama yake na wanawake wawili, wateja wetu, wanabishana kuhusu supu ya kabeji.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

Kogo alimwangalia. Kipyegon akafungua mdomo aseme tena. Nikamwinulia mkono: ngoja. Tukangoja. Lori likapita.

"Wewe ni Kipyegon," Kogo akasema. "Umekonda. Kaa chini, chukua bakuli."

Kipyegon alikaa kwenye kreti na viatu vyake vya kung'aa. Alitoa maganda mpaka giza likaingia, na hakuzungumzia Kabazi tena. Siku hizi humpigia mama yake simu kila jioni, na amejifunza kungoja.

Mbuzi wa jirani hawapati tena minji zangu, wanapata maganda tu. Sukuma wiki pia tunawakatia wateja. Kogo bado husahau. Kuna siku naitwa Jepkemei, nami naitika. Kliniki hatukosi.

Chai ya kwanza bado ni yake. Ila siku hizi nikimpa nauliza, "Mama, sukari imetosha?" Kisha nasimama hapo.

Leo alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Haitoshi, Zeddy. Na haijawahi kutosha."

Asante Mungu. Nilikwenda kuleta sukari.