Mtandio wa Nyanjige

Mizani ya Ufahamu haikuwa na sahani wala mawe ya kupimia. Ilikuwa ukuta mmoja wa kioo, wenye urefu wa hatua kumi, na kofia nyepesi ya nyuzi iliyozungumza na ukuta huo bila waya. Mtu akiivaa kofia, ukuta ulionyesha akili yake kama mji unaotazamwa kutoka angani usiku. Mahali asipoelewa palikuwa giza. Alipobahatisha palimetameta njano. Jambo lilipoingia kweli, taa nyeupe ilitulia hapo na haikucheza tena. Mtu aliweza kuitikia kwa kichwa na kusema, "Ndiyo mwalimu, nimeelewa," na ukuta ukabaki mweusi tititi.

Kwa ukuta huo Chuo Kikuu cha Lungwa kiliajiri walimu wake wa sayansi ya kompyuta.

Zamani waliajiri kwa karatasi. Kisha mashine zikajifunza kuandika barua za maombi, tafiti, hata sifa za wadhamini, na kila mwombaji akawa bora kuliko mwenzake. Vilevile mashine zilikuwa zikiandika programu zote za jiji, mpaka mwaka ule milango ya bwawa ilipojifungua yenyewe na asipatikane mtu hata mmoja wa kuisoma programu iliyoifungua. Baada ya mafuriko serikali ilitaka watu wanaoelewa, na watu wanaoelewa hufundishwa na watu. Ndipo Lungwa wakaijenga Mizani, ili wajue nani anafundisha na nani anapiga porojo.

Lugano Mwasumbi alifika siku ya Jumanne akiwa na begi moja. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na sheria ya chuo ilikataa kuajiri mtu aliyetimiza sitini na mbili. Elimu yake aliiokota njiani, cheti hapa, nusu mwaka pale, na alikuwa amefundisha programu machimboni, gerezani, melini na kwenye kituo cha malori yasiyo na madereva. Kote huko alifundisha akiwa amesimama. Sasa alitaka kiti kimoja, ubao mmoja na wanafunzi watakaokuwepo kesho, kabla magoti hayajagoma. Hakuwa na pengine pa kuomba.

"Utafundisha somo moja kwa mtu mmoja, kwa dakika arobaini," alimweleza Profesa Mkwizu, mwenyekiti wa kamati ya ajira, mwanamke wa sauti ya upole asiyependa kurudia maneno. "Mtu huyo tunamwita Kipimo. Waombaji wote hufundisha mtu huyohuyo, somo hilohilo, na wote humkuta hajui. Hiyo ndiyo haki yenyewe."

"Atakutwaje hajui, Profesa, kama wenzangu wamekwisha kumfundisha?"

"Kuna kifutio. Dawa kidogo ya kunywa, na kofia inamalizia. Ikitolewa ndani ya saa moja baada ya kujifunza, ujuzi unakuwa haujaganda, nao unaondoka. Ukimaliza, utatia kidole kwenye kibao hiki kukubali kipimo kirudishwe sifuri. Bila kidole hakuna alama."

Kipimo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, amejitanda mtandio wa kijani wenye matamvua marefu. Jina lake Nyanjige.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza." Akacheka mwenyewe. "Nasikia nawaambia wote hivyo."

"Nao ni wangapi?"

"Hesabu hii hapa." Alinyanyua ncha ya mtandio. Matamvua mengi yalikuwa yamesukwa mikia membamba. "Kila nikitoka humu nakuta tamvua moja limesukwa. Sikumbuki kulisuka. Nilikuwa msusi, mwalimu, mikono yangu ina umbeya wake. Yako thelathini na tisa. Wewe ni wa arobaini, na arobaini ndiyo mkataba. Ukinifuta wewe, nimemaliza miaka minne. Mwezi ujao nafanya mtihani wa kuingia chuoni, ndiyo malipo yangu, nisome programu hizihizi."

"Huogopi mtihani?"

"Niuogope wa nini? Nimefundishwa na walimu thelathini na tisa."

Alicheka tena. Profesa Mkwizu aliangalia kibao chake.

Somo lilikuwa programu inayojiita, yaani programu ambayo, ili imalize kazi, inajituma yenyewe ikafanye kazi ileile iliyo ndogo zaidi. Lugano alianza kwa masanduku, sanduku ndani ya sanduku. Ulikuwa mfano uliomsaidia gerezani. Nyanjige aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Ukuta haukuwasha hata kibatari.

"Unanionea haya, mama."

"Ukuta huu hauna adabu," alisema Nyanjige. "Mtu unamsitiri mgeni, wenyewe unamwaga siri."

Lugano akaacha masanduku. Akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Mimi nina upara, sijui kusuka. Nifundishe wewe. Unaanzaje ule msuko wa twende kilioni?"

"Unashika mafungu matatu hapa mbele. Unapitisha la pembeni katikati, unaongeza nywele kidogo kutoka zilizobaki. Basi."

"Halafu?"

"Halafu vilevile."

"Vilevile kwa nywele zote?"

"Kwa zilizobaki. Kila ukienda zinapungua." Mikono yake ilikuwa imekwisha kushika tamvua. Ukutani njano ilianza kumetameta, hapa na pale, kama watu wanaoamka nyumba mbalimbali. "Kazi ni ileile, nywele ndizo chache zaidi. Ni kama... ninajituma mwenyewe. Nyanjige, suka hizi zilizobaki. Naye Nyanjige huyo anasuka kidogo, anamtuma Nyanjige mwingine."

"Na huyo wa mwisho kabisa, yeye anamtuma nani?"

Vidole vya Nyanjige viliendelea mpaka tamvua likaisha, vikabaki vimeshika ncha.

"Hamtumi mtu," alisema taratibu. "Nywele zimekwisha. Anafunga fundo."

Akafunga. Taa nyeupe ikawaka katikati ya ukuta, ikatulia, na nyeupe nyingine zikaifuata pande zote.

"Asipofunga, mwalimu, kazi yote ya wenzake inafumuka."

"Na kompyuta ni mbaya zaidi. Usipoiambia mahali pa kukoma, itaendelea kujituma mpaka izirai."

"Itasuka hewa," alisema Nyanjige, na safari hii Lugano naye akacheka.

"Dakika kumi na nane," ilitangaza sauti ya Mizani.

Profesa Mkwizu akainua kichwa. Aliyefanya vizuri kuliko wote kabla ya hapo alitumia dakika ishirini na sita. Akasogeza kibao, na kando yake akaweka kichupa cha kifutio. "Hongera, Mwalimu Mwasumbi. Kidole tu."

Lugano hakutia kidole. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imemfundisha kutazama daftari la mwanafunzi kabla ya kutoka darasani, na daftari la mwanafunzi huyu lilikuwa limening'inia mbele yake.

"Naomba mtandio, mama."

Akaupitisha vidoleni kuanzia tamvua la kwanza. La kwanza limekazwa, fundo dogo gumu kama punje ya mtama. La pili hivyohivyo. Yakaendelea hivyo mpaka ishirini na kitu. Hapo mafundo yalianza kulegea. La thelathini na moja halikuwa na fundo. La thelathini na tano lilisukwa nusu, likaachwa. Lililokuja kabla ya lile la leo lilikuwa nyuzi zilizopindwa mara mbili tu, kama mtu aliyesimama mlangoni akasahau amefuata nini.

"Profesa," alisema, "mnayajua haya?"

"Kipimo huchakaa," alisema Profesa Mkwizu. "Hata rula huchakaa. Waombaji wa mwisho tunawaongezea alama kwa hesabu maalumu, asionewe mtu."

"Sisi mnatuongezea. Yeye je?"

"Aliweka sahihi akiwa na akili timamu."

Nyanjige alikuwa akiwatazama kwa zamu. "Tia kidole, mwalimu, nimalize. Mbona mnazungumza kama tuko msibani?"

Lugano alimrudishia mtandio. Hakutaka kuhutubu, aliweka kidole chake juu ya tamvua la kumi. "Huyu Nyanjige alijua mahali pa kukoma?"

Akalipapasa. "Alijua. Amefunga."

"Na huyu wa thelathini na tano?"

Akalipapasa hilo, na linalofuata, na linalofuata. Kofia ilikuwa bado kichwani, kwa hiyo wote watatu waliona ukutani jambo likimwingia. Halikuwa somo la programu, lakini taa yake ilikuwa nyeupe vilevile.

"Siku hiyo labda nilichoka," alisema.

"Labda."

"Zote hizi nilichoka?" Akamgeukia Profesa. "Profesa, nikifutwa leo, mwezi ujao naingia na nini kwenye mtihani?"

Profesa Mkwizu alikuwa mtu wa sheria, lakini hakuwa mwongo. "Ukifuta daftari mahali pamoja kila siku," alisema, "mwisho karatasi hutoboka. Hatujui umebakiza kiasi gani. Hatukupima hilo."

"Na nikikataa?"

"Arobaini haijatimia. Mkataba umevunjika, na nafasi ya mtihani imekwenda nao."

"Na huyu mzee?"

"Hana alama. Kazi atapewa mwombaji wa jana."

Nyanjige alivuta pumzi. Miaka minne alikuwa amewaambia wasusi wenzake kwamba yeye ni mwanafunzi mtarajiwa, nao walimpa jina la utani, Injinia. "Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Kidole ni changu, kichwa ni chako," alisema Lugano. "Ukisema nitie, natia."

"Utakosa kazi."

"Kukosa nimezoea. Nina vyeti vyake."

Nyanjige hakumwambia atie wala asitie. Alivuta mtandio mapajani akarudi kwenye tamvua la thelathini na moja, akalifunga fundo. Akaenda la pili yake, lililofumuka, akalisuka upya mpaka mwisho, akalifunga. Lugano akauingiza mkono wake mfukoni. Kwenye kona ya ukuta saa ya kifutio ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma, na kando ya kibao kichupa kikabaki na kizibo chake. Nyanjige alipofunga fundo la thelathini na tisa, ilikuwa imebaki dakika moja, naye akaitumia kukunja mtandio vizuri.

"Ujuzi umeganda," ilitangaza Mizani. "Kipimo hakifai tena kwa matumizi."

"Asante," alisema Nyanjige, akavua kofia.

Asubuhi iliyofuata Lugano alikuwa kituo cha treni, begi miguuni, akisubiri ya saa mbili kwenda kokote kulikokuwa na shule isiyouliza umri. Kwenye ubao wa matangazo chuo kilikuwa kimekwisha kubandika tangazo jipya: anatakiwa mtu mzima, mwenye afya na akili nzuri, asiyejua lolote kuhusu programu. Watu wawili walikuwa wakilisoma kwa makini.

"Shikamoo, mwalimu wangu wa kwanza."

Aligeuka. Nyanjige alikuwa amesimama na mtandio begani, macho mekundu ya mtu aliyelala kidogo. Hakuonekana mwenye furaha wala hakuonekana mwenye hasira.

"Marahaba, mama. Umekuja kunilaumu?"

"Nitakulaumu baadaye, hilo usijali. Kuna kitu kimenikalia." Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. "Jana tulisuka mkia mmoja mpaka mwisho, tukafunga. Sawa. Sasa nikifika katikati nikagawa mafungu mawili, Nyanjige mmoja nikamtuma kushoto, mwingine kulia. Nikiwa huko kushoto nimezama, kompyuta inakumbukaje kwamba kulia bado? Nani anaishikia mahali ilipoachia?"

Lugano alimtazama. Katika ukuta wote ule wa hatua kumi hapakuwa na taa ya swali la kesho yake. Waliojenga Mizani hawakuliweka, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi nalo.

Treni ilikuwa imebakiza dakika tisa, na swali lile halikuwa la dakika tisa. Akalisukuma begi chini ya benchi kwa mguu.

"Lete mtandio," alisema. "Shika tamvua jipya."